Moto Juu ya Kitovu Changu

Bibi yangu, shikamoo. Nakuandikia kutoka Kampala kwa jambo la aibu: choo kilinigomea siku nne. Na Jumamosi tulikuwa tunakwenda kwa senga, shangazi yake mchumba wangu Nakato, mwenye neno la mwisho kama nitamwoa Nakato au la. Kwake, mgeni anayebakiza matoke ana dharau.

Nakato akanipeleka Kisugu kwa tabibu mzee wa Kichina. Aliyetutafsiria ni msaidizi wake, Mama Furaha, Mkongomani. Mzee akanibonyeza tumbo, akaguna.

"Anasema tumbo yako iko baridi," akasema Mama Furaha. "Atapasha moto."

Nikalazwa chali, nikajazwa chumvi kitovuni. Juu yake akaweka donge la majani makavu, akaliwasha! Moshi ukajaa chumba, joto likaanza kunikolea.

"Mama, mwambie mimi si mshikaki!" nikapiga kelele.

Hakutafsiri. Alikuwa anacheka.

Bibi, baada ya robo saa tumbo lilinguruma, kisha nikatoa mlio ambao Nakato atawasimulia wajukuu. Mzee akainamisha kichwa kama aliyepigiwa makofi. Mama Furaha akafungua mlango, nikakimbia chooni nimeshikilia suruali.

Sijui ni moshi au ni papai nililokula asubuhi ile. Ila jana kwa senga nilimaliza sahani tatu za matoke, na senga akamwambia Nakato, "Huyu chukua. Iko na tumbo ya kukaa kwetu."

Andaa kanga mpya, Bibi. Nakupenda kuliko matoke.

Mjukuu wako,
Saidi