Zile Jumamosi za Logique Zilikuwa Zangu

Jumamosi, siku ya posho. Butembo iko mu ukungu tangu asubuhi, na mabati iko nadondosha maji hata kama mvua haiko.

Mulikuwa wapi? Musinijibu kazi, kila mutu iko na kazi. Masika ananiambia hii page inaonyeshaka batu benye bamepita, na hizi siku munapita kama batu benye bamekosea mulango: munachungulia, munarudi. Mi ni muzee, magoti inaniuma, mais hata vile niko hapa. Nyinyi benye magoti mazima njo munapotea. Bon, mukae. Leo niko na kitu ya kusema, na sitairudilia.

Kwa mwenye anafika mara ya kwanza: mi sikusomaka. Hata siku moja sikukaa ku banc ya masomo. Mi nasema, mujukuu wangu Masika, mwenye ananiitaka Koko, ni kusema bibi, anaandika ku simu, kisha ananisomea. Akinitengenezea neno ili ipendeze, nasikia, namurudisha. Hii page yenyewe ilitoka ku masomo yake. Ku cours ya informatique, masomo ya kompyuta, baliomba kila mwanafunzi afungue page na aweke kitu ndani. Yeye hakuwa na kitu ya kuweka. Akaniweka mimi.

Masika ni binti wa kwanza wa mwanangu Kambale. Kambale anaishi Mavivi, pale karibu na uwanja wa ndege wa Beni, iko na duka ya misumari na mabati. Barabara ya kule mpaka hapa haiko ya kupita kila wakati mutu anapenda, donc tunaonana ku simu, na kila siku ya Mungu akitoka misa anasomaka hii page. Alinitumia binti yake hapa Butembo asome agronomie. Nilifurahi. Nimelima maisha yangu yote, nikasema sasa tutapata mutu wa kunielezea juu ya nini biazi inaoza mu udongo mwaka moja, na mwaka ingine hapana.

Kumbe mwaka ya kwanza hakuna biazi. Kuko zile cours zenye banafunzi bote banapitia, hata mwenye atakuwa munganga, hata mwenye atakuwa mwanasheria. Kuko Kifaransa ya kusema na ya kuandika. Kuko psychologie. Kuko citoyenneté, ya kujua inchi na sheria yake. Kuko ile informatique. Na kuko Logique.

Nilimuuliza Logique ni nini. Akasema ni masomo ya kufikiri.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mutoto ametumwa kusoma mbegu, bao banamufundisha kufikiri, kama vile kwetu tunazaaka kuku.

Njo hapa kosa yangu inaanzia.

Logique ilikuwa Jumamosi asubuhi. Na Jumamosi asubuhi njo camion ya biazi inashuka kutoka Kipese, kule ku milima kwenye banalimaka biazi. Mi nauzishaka biazi ku soko tangu Kambale alikuwa mugongoni. Mifuko ikishuka, unafungua, unamwanga, unachagua: kubwa huku, ndogo huku, yenye iligongwa na jembe inatoka, juu itaozesha zingine. Macho yangu haioni tena madoa. Ya Masika inaona. Ile Jumamosi ya kwanza nilimwambia Logique itangoja, biazi haitangoja. Akaniangalia, akaweka daftari chini, akafunga kikwembe kiunoni. Jumamosi ya pili sikumwambia hata neno. Nilimupa tu kikapu.

Ikaenda vile mpaka cours ikaisha. Alienda mara mbili tu, zile siku camion ilikwama mu matope.

Benzake balimukopesha madaftari, akasoma peke yake, akaanguka. Zile cours zingine zote alipita. Ku Logique alipata points ya aibu. Balimwambia kuko session ya pili, ya kurudilia examen. Akianguka tena, arudilie mwaka muzima.

Kambale akapiga simu. Sauti yake niliisikia bila simu kukaribia sikio yangu. Alisema mwanafunzi anaangukaka juu ya kucheza mu ville, juu ya bavijana ba taxi-moto, juu ya kuchezea simu. Alisema akianguka mara ya pili, arudi Mavivi apime misumari, masomo iishie pale. Masika alijibu ndiyo papa, pardon papa. Hakutaja biazi. Hakunitaja.

Mi nilikuwa mbele yake, mikono ndani ya maharagi.

Niliendelea kuchambua.

Nitasema juu ya nini nilinyamaza, hata kama inaniuma. Kambale akiwa mudogo, baba yake alitaka abaki mu shamba. Mi nilikatala. Nilimupeleka ku masomo mi mwenyewe, kwa miguu, nikakaa inje ya mulango ya directeur mpaka akamuandika. Mpaka leo, kila fête ya familia, Kambale anasimama na kuhadisia: mama yangu hakusoma, mais bila yeye ningekuwa kipofu. Batu bananipigia makofi. Sasa ningemwambia nini? Kama ule mama wa makofi njo alimutoa binti yake ku auditoire ili achague biazi?

Niliogopa kupoteza jina yangu mu kinywa ya mwanangu. Nikaacha mutoto apoteze yake.

Siku tatu zikapita. Siku ya ine nikavaa kikwembe ya misa, nikajaza kikapu na biazi ya kuchaguliwa, nikapanda moto, ile pikipiki ya taxi, mpaka ku campus. Masika hakujua. Kijana wa moto akaniuliza kama naenda kujiandikisha. Nilimwambia aangalie barabara.

Mwalimu wa Logique ni kijana, mutu wa Kasaï, kazi njo ilimuleta huku. Kiswahili yake inatembea na Lingala na Kifaransa bega kwa bega. Aliona kikapu mbele ya kuniona.

"Mama," akasema, "kama ni ya points, nakuomba, rudisha ku nyumba."

Nilimwambia ni ya kula, juu anaonekana kama mutu mwenye hana mutu wa kumupikia, na hii shingo yake inanipa huruma. Mambo ya points ni ingine. Nikamuhadisia yote: camion, mifuko, macho yangu. Nilimwambia zile Jumamosi hazikuwa za mutoto, zilikuwa zangu, na kama kuko karatasi ya benye balikosa, afute jina ya Masika aandike yangu.

Akasema karatasi haiwezi kubadilika, mais session ya pili iko wazi, na Masika akijua masomo atapita, hakuna mutu atamufungia mulango. Aliniambia vile bila kunizarau. Njo nikamuuliza kweli kweli: wewe unafundishaka nini?

Akakamata kiazi moja mu kikapu.

"Mama, biazi yote ya Kipese ni muzuri. Hii kiazi ni muzuri. Donc hii kiazi ni ya Kipese. Ni kweli?"

Nilimwambia ule uongo naujua, nimeshaununua. Mwaka moja mutu aliniletea mifuko ya biazi kubwa, inangaa, akaapa mbele ya Mungu ni ya Kipese, na angalia vile inafanana. Ilitoka fasi ingine kabisa. Siku tano, ikawa maji. Biazi muzuri inatokaka fasi mingi.

Akapiga meza na mukono, akacheka. Akasema kuko banafunzi benye bametumia mwezi muzima mbele ya kufika pale.

"Kosa iko ku donc, mama, ku ile kwa hiyo. Mbele ya kusema donc, angalia kama kuko njia ingine kitu ingeweza kupitia."

Alibaki na biazi. Nilirudi kwa miguu. Nilipofika ku mupando ya barabara, pale mbele ya atelier ya batu banatengeneza bamoto, nilisimama. Nilisikia sauti ya mwanangu mu kichwa. Mwanafunzi mwenye kucheza anaanguka. Masika ameanguka. Donc Masika alicheza.

Ni ile ile kiazi.

Na mutu mwenye alipaswa kumuonyesha Kambale ile njia ingine ni mi.

Kuanzia pale Jumamosi zangu nilichagua biazi na jirani. Na kila asubuhi, mbele Masika aende campus, tulikaa ku kizingiti tukichambua maharagi na yeye akinielezea page moja ya Logique. Nilimwambia: mi sina kitu ya masomo mu kichwa, donc ukinielezea na nisisikie, bado haujajua. Mwanzo alikasirika. Alisoma haraka haraka, donc huku, donc kule, na mi namushika: hii donc yako imetoka wapi, iko na miguu ao inaruka tu? Siku moja alilia. Siku ingine tulicheka mpaka maharagi ikamwangika mu matope.

Kisha akaanza kunishika mimi. Nilisema mama mumoja wa huku chini amenipita bila kusalimia, donc iko na kasirani. Masika, bila kuinua macho: "Ao hakukuona, Koko." Na kweli. Alikuwa na mutungi ku kichwa na jua ku macho. Mi nilishaanza kumuchukia bure, na namupendaka.

Wiki yenye ilipita alifanya examen. Jana bakabandika majina ku valve, ile ubao ya matangazo ya campus. Masika alirudi akikimbia, biatu mu mikono juu ya matope, na mbele afungue kinywa nilishajua ku ile mbio. Amepita. Amepita vizuri. Mwaka yenye inakuja ni udongo na mbegu. Nilijaribu kumubeba kama mutoto mudogo, tukaanguka bote mu mulango, na hakuna mwenye aliharakia kusimama.

Ningependa niishie hapa. Mais Kambale akapiga simu.

Alifurahi sana, Mungu amubariki. Kisha akasema: "Unaona? Nilikukaripia, ukaacha michezo, ukapita."

Masika aliangalia chini.

"Ndiyo, papa."

Ni mara ya pili sasa anameza kitu juu yangu. Ya kwanza alikuwa ameanguka, ilikuwa ya huzuni. Hii ya jana ilikuwa ya furaha, na njo ilinichoma zaidi.

Leo asubuhi nikamwambia akamate simu. Amefika hapa, bidole yake imesimama. Ananiambia Koko acha, imekwisha, nimepita, papa iko na furaha, juu ya nini kuiharibu. Nilimwambia asipoandika, nitamwita mutu mwingine wa kuandika, na ataandika na makosa, na page ni yake atapata aibu. Anaandika. Analia kidogo, mais anaandika, na nimemukataza kupunguza hata neno moja.

Kambale mwanangu, soma hapa polepole. Binti yako hakucheza. Hana kijana wa moto, na kama angekuwa naye ningemujua mbele yako na ningeshamuuliza baba yake ni nani. Zile Jumamosi mi njo nilimuondoa ku cours. Alinitii, kisha akanifunika. Makelele yako haikumuachisha michezo, juu michezo haikukuwa. Alipita juu alijua masomo. Ule mama unahadisiaka ku fête ni mi, na huyu mwenye aliweka kikapu mu mikono ya Masika ni mi vilevile. Utubebe bote bawili. Ukitaka kukasirika, kasirika na mi, nimezoea, ulizaliwa ukikasirika.

Naogopa kidogo. Sijui utasema nini ku fête yenye inakuja. Labda utakaa tu, hautasimama. Itaniuma, mais nitakula chakula yangu kama batu bote.

Na nyinyi bengine, benye batoto mu mwaka ya kwanza na munasema zile cours za mwanzo ni za kupoteza wakati: hata mi nilisema vile. Logique nimeikubali. Psychologie Masika amenianzia wiki hii, na naona inapenda kuingia mu mambo yangu, mais tutaonana nayo. Ile Kifaransa ya kuandika bado sijaona kazi yake. Mutu mwenye ameiona aje anielezee, na akuje na miguu yake, si kuchungulia.

Bengine, mulango iko wazi siku yoyote. Wewe Kambale, hapana kufungua hii page tena mbele ya kupiga simu. Hapana kunipigia mimi. Pigia Masika. Muombe pardon, kisha ungoje, aseme yake yote.