Wasuka Kamba Walioshinda Sebuleni kwa Mkwe

Mshauri mpendwa,

Salamu naziweka fupi maana muda wenyewe ni mfupi, naomba unisaidie kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu mwisho wa mwezi baba mkwe wangu anafanyiwa upasuaji wa macho, na sisemi kwamba simwombei apone, namwombea sana, ila akipona mimi nimekwisha.

Mimi na mume wangu tunaishi kwa wakwe, na Baba ni mwalimu mstaafu wa historia, na sebuleni ana picha sita za kale za kuchapwa, nyeusi na nyeupe, kila moja na fremu yake na kioo chake, zinazoonyesha wasuka kamba waliomwasi gavana wao zamani hizo wakashindwa vibaya. Zilikuwa zimepangwa ukutani kuanzia mlangoni mpaka meza ya chakula: wanakula kiapo wamezunguka meza, wanaandamana na bendera, wanavunja lango la gavana, askari wanafyatua risasi na watu wanakimbia, wamefungwa minyororo, na ya sita, ile iliyokuwa juu ya meza yetu kabisa, kiongozi wao yuko kwenye kitanzi. Mgeni akiingia tu, hata aliyekuja kusoma mita ya maji, Baba anamshika mkono, anaanza naye mlangoni, picha hadi picha, na wakifika mezani anashusha pumzi, anasema, "Na kamba yenyewe waliisuka wao," halafu anamkaribisha chakula. Sasa hebu niambie nani atakula hapo.

Basi tulipopaka rangi sebule, mimi ndiye niliyezirudisha picha, na kwa akili zangu timamu nikaitundika ile ya kitanzi mlangoni, mbali na sahani zetu, na ili zisikae shaghalabaghala nikazigeuza zote. Sikujua nimegeuza na historia. Maana ukianzia mlangoni sasa, mtu yuko kwenye kitanzi, ananusurika, wanatiwa minyororo, wanatoroka mbio, wanarudi kuvunja lango, wanaandamana na bendera, na mwishowe wamekaa mezani wameinua mikono kama watu wanaogawana vyeo. Wanangu wanashangilia. Nilipotaka kuzirudisha, mama mkwe akanishika mkono wenye nyundo, akasema, "Mwanangu, tangu niolewe nakula na mtu wa kunyongwa. Leo wameshinda, waache washinde. Ukigusa msumari mmoja, jikoni utaingia peke yako mpaka uzeeke."

Na Baba haoni, anaona mwanga na vivuli tu, anatembea kwa kupapasa kona za fremu, na hadithi anaitoa kichwani. Siku moja tu nilidhani nimeshikwa, wiki ile ile ya rangi, alipoingia akagusa ile ya mlangoni, yaani ya kitanzi, ambayo kioo chake kina ufa tangu zamani, akasimama kidogo, akasema, "Mh," akaendelea na safari zake. Tangu hapo hajasema kitu, na anakula vizuri kuliko zamani, mpaka anaomba kuongezewa, nadhani ni furaha ya kupata macho.

Lakini juzi alikuja fundi bomba. Baba akamsimamisha mbele ya mtu wa kitanzini, akamwambia, "Hapa wanakula kiapo, tazama nyuso zao zilivyojaa matumaini." Fundi akanitazama, mimi nikatazama dari. Wakafika mezani, mbele ya wale waliokaa wameinua mikono, Baba akashusha pumzi, "Hapa ndipo walipoishia, maskini," na fundi kwa adabu zake zote akauliza, "Kwa hiyo mzee, waliuawa na mkutano?" Nilikohoa mpaka nikatokwa machozi.

Mume wangu anasema mambo ya ukuta niliyaanza mwenyewe, niyamalize mwenyewe. Daktari naye amesema Baba atasoma gazeti bila kusomewa. Kwa sasa mimi ndiye ninayemsomea kila jioni, na ukurasa wako ndio anaoupenda kuliko yote, ingawa husema wote wanaokuandikia wamejitakia. Nampenda mzee huyu, Mshauri, tangu nifike hapa hajawahi kunipandishia sauti, na sitaki ayapate macho yake halafu agundue kwamba wageni walikuwa wakimcheka ndani ya nyumba yake, na mimi nilijua nikanyamaza. Nizirudishe picha nigombane na Mama, au niziache nimvunjie Baba heshima?

Ni mimi,
Mkaza Mwana Mwenye Nyundo

JIBU LA MSHAURI

Mwenye Nyundo,

Pole, na pole yangu inaishia hapo. Kugeuza picha si kosa. Kitanzi hakikai juu ya chakula, na ningekuwa mimi ningekishusha siku ya kwanza ya ndoa. Kosa lako ni ile dari. Fundi bomba alipokutazama ulitakiwa useme, "Baba, samahani, mimi ndiye niliyezigeuza," mkacheka wote watatu mambo yakaisha. Dari ilikupa jibu gani?

Halafu barua yako umeiandika mwenyewe lakini hukuisoma. Mtu anayetembea kwa kupapasa anaijua nyumba yake kwa vidole. Ule ufa miaka yote ulikuwa mezani. Siku alipoukuta mlangoni, alijua. Ndiyo ile "Mh." Na tangu siku hiyo anaomba kuongezewa! Wewe unasema furaha ya macho. Mwanangu, anayengoja kisu cha daktari hupunguza chakula, haongezi. Mzee anakula kwa sababu na yeye amechoka kula na maiti.

Mbona basi hasemi? Kwa sababu ni mwalimu. Akikiri kwamba anajua, itambidi aamuru zirudishwe, naye hataki. Kwa hiyo wewe unamficha, yeye anakuficha, na fundi bomba wa watu anaondoka akiamini kuna mkutano uliowahi kuua watu.

Msumari usiguse. Historia hukuiharibu, umegeuza tu pa kuanzia. Mgeni akiingia, mpitisheni moja kwa moja mezani, ale ashibe. Ndipo Baba amshike mkono, waanze na kiapo pale pale mezani, wafuate ukuta hadi mlangoni. Wasuka kamba watashindwa kama walivyoshindwa, na wanao waambiwe ukweli huo bila kuongopewa, ila watashindwa mgeni akiwa ameshika kitasa. Asiyejua kuaga, kitanzi kitamkumbusha. Mama mkwe wako hatakuwa na neno.

Lakini kumwambia Baba, umwambie leo, usingoje daktari. Jioni hii ukimsomea gazeti na ukifika ukurasa huu, usirukie kwenye michezo. Soma barua yako yote, na dari yako na "Mh" yake, kisha jibu langu bila kupunguza neno.

Shikamoo, Mwalimu. Ni kweli, wanaoniandikia wamejitakia, na huyu ni mmoja wao. Lakini alipanda juu ya kiti na nyundo ili wewe ule kwa amani, na wewe ulijua, ukala, ukaomba na nyongeza. Mshukuru mtoto wa watu kabla chakula hakijapoa.