Nyuki wa Kwihara

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Tabora nzima hakuna mzee mwenye bahati kama babu yako: nyuki wa Kwihara walinishukia kundi zima, wala hakuniuma hata mmoja! Bibi yako mzima, anavuna karanga na kunigombeza.

Umeuliza kwa nini kila Jumapili nikitoka kanisani lazima nipite Kwihara. Namfuata Masanja, aliyekuwa mrushaji wa timu yao ya kriketi. Siku tulipocheza nao ujanani, sisi wa Ipuli tulibakiza mbio mbili tu tushinde, na mpigaji wa mwisho ndiye mimi.

"Umeshika kibao kama mwiko wa ugali!" Masanja akanitania.

Nikaupiga mpira wake mpaka juu ya mti, ukagonga mzinga wa baba yake. Nikaanza kukimbia, nyuki nao wakatoka. Watu wakatawanyika, mimi nikajikwaa na kuanguka katikati ya uwanja. Mpira ukamfikia Masanja mkononi. Angeugusisha tu kwenye vijiti vitatu nilivyokuwa navikimbilia, ningetolewa na Kwihara wangeshinda. Akautupa, akanilalia, akanifunika kichwa kwa shati lake.

"Tulia, mjinga wewe! Mechi tutaimalizia baada ya mavuno."

Mavuno mengi yakaja na kupita, mechi tukawa tunaiahirisha kwa vicheko. Tangu tumzike mwaka jana, nakaa pale kaburini namtania, halafu nangoja anijibu.

Ile bahati niliyojisifia hapo juu ni uongo, Neema. Nyuki hawakuniuma kwa sababu walimuuma Masanja.

Babu yako