Mama mkwe kapanga vitofali kwa rangi

Shoga, shika simu. Nimekwisha.

Ule mzigo wa vitofali vya kuchezea umefika. Ule tulioagiza mtandaoni watu tisa kwa pamoja ili tugawane gharama ya kusafirisha. Kila mtu na pakiti yake, jina juu. Na ni mimi mwenyewe niliyesema uje kwangu, nitawagawia.

Narudi kutoka kazini, namkuta mama mkwe kakaa mkekani, ananitabasamia. Yule mama. Ananitabasamia mimi.

Akasema, "Mwanangu, wamekuletea vitu ovyo ovyo. Nimekupangia."

Kapanga kwa rangi. Pakiti zote tisa kazipasua, vyekundu kwenye beseni, vya bluu kwenye sufuria. Vipande elfu tatu na ushee. Nikauliza pakiti ziko wapi, akasema takataka zile kashazichoma. Kazichoma na majina yake.

Orodha za watu ninazo kwenye simu, ila kuvichambua upya ni wiki nzima. Na yule fundi saa, mmoja wetu wale tisa, yuko njiani kufuata vyake vya kujengea stesheni ya treni, maonyesho yake ya vitofali ni kesho. Vyake ni vya kijivu. Shoga, kila mtu aliagiza vya kijivu.

Nikafungua mdomo nimwambie mama. Nikashindwa. Miaka sita mimi ni "huyo mke wa kijana wangu". Leo kaniita mwanangu, akanisogezea na kigoda.

Nimekaa. Namsaidia kupanga vyeupe.

Mlango unagongwa.

Kaniambia, "Mwanangu, kafungue." Mara ya pili hiyo.