Shemeji Hajui Kupiga

Jumapili. Joto limerudi. Asubuhi nilifungua dirisha nikalifunga palepale. Hewa nzito, yenye unyevu, kama ya jikoni wali ukiwa motoni. Msimu wetu wa besiboli uliisha Jumapili iliyopita, na leo nimeamka nikiwa sina pa kwenda.

Nimechoka. Kazini, mtaa wa Oud Metha, kutwa nanyoosha magoti na migongo ya watu, maana mimi ni msaidizi wa mazoezi ya viungo katika kliniki. Ule uchovu naujua, nao huisha nikilala. Huu mwingine hauishi.

Niuandike msimu wenyewe kwanza.

Besiboli niliijulia sekondari, Dar es Salaam, tulipopata mwalimu mgeni aliyekuja na mfuko wa glovu kuukuu. Hapa Dubai nimekuta ligi ndogo ya watu wa kazi, mataifa mchanganyiko, wanaume kwa wanawake. Uwanja uko upande wa Mirdif. Ndege zikishuka, mrushaji husubiri kidogo ndipo arushe. Kocha wetu ni Bwana Takeda, mzee Mjapani asiyependa maneno mengi. Mimi ananiita mwalimu wa wapigaji. Kazi yangu ni kuwafundisha wapya kusimama, kushika rungu, na kujua mpira upi wa kupiga na upi wa kuuacha upite.

Msimu huu wapya walikuwa watatu. Alhamisi kocha alinipigia simu: mwakani kikosi kinapunguzwa, wapya wawili watabaki, mmoja aondoke. "Wewe umewafundisha, wewe chagua," akasema. Halafu akakata.

Hukumu yenyewe haikuwa ngumu. Hilo ndilo lililonikosesha raha.

Deo ni Mtanzania wa Mwanza, fundi wa gereji Satwa. Alipokuja mara ya kwanza alishika rungu kama mtu anayetaka kuua nyoka. Wiki nyingi hakugusa mpira. Nilimwambia aache kupiga kwa mabega, apige kwa miguu na kiuno, naye akanitazama kama nimemtukana. Lakini alikuwa anasikia. Kuelekea mwisho wa msimu alipiga mmoja ukaruka uzio, na yeye mwenyewe hakuamini, akazunguka vituo vyote vinne na rungu mkononi, amesahau kulitupa chini. Mpaka Bwana Takeda alicheka. Deo atabaki.

Wambui ni Mkenya, analea watoto mapacha wa familia moja ya Mirdif, na siku yake ya mapumziko ni Jumapili, madam akipenda. Shuleni kwao Nyeri alicheza raunda, kwa hiyo rungu na mpira si vitu vigeni kwake. Hapigi mbali. Ila ana jicho ambalo sijaliona kwa mpigaji yeyote wetu. Mpira ukiwa mbaya hata hatikisiki, anauacha upite, mwingine nao upite, mpaka mrushaji anakata tamaa na mwamuzi anampa kituo cha kwanza bure. Siku moja nilimuuliza anawezaje kutulia vile.

"Coach, mi huwa natulia tu," akasema. "Watu wananirushia vitu wiki nzima. Sasa hata Jumapili nikimbizane na kila kitu? Zii."

Wambui hana mjadala.

Wa tatu ni Nassor, mdogo wake mke wangu.

Nassor ni mrefu, mabega mapana. Akisimama kupiga unadhani mpira utaokotwa Sharjah. Kumbe ni upepo mtupu. Msimu mzima alipiga hewa. Mpira wa chini kwenye vumbi anaupiga, mpira wa juu ya kichwa anaupiga, mpira mzuri wa katikati anautazama ukipita kama mtu anayetazama basi lililomwacha. Na alikuwa akipiga miayo! Zamu yake imefika, watu wanamngoja, yeye kinywa wazi. Mazoezini alichelewa, akifika anakaa kivulini na kufumba macho.

"Nassor, mpira!" nilikuwa namwambia.

"Naam, shemegi," anajibu, maana kwao wanasema hivyo, Kiunguja cha nyumbani, ingawa yeye na dada yake wamezaliwa hapahapa.

Nilijua anafanya kazi ya usiku, kupakia mizigo uwanja wa ndege. Lakini hapa nani hafanyi kazi? Deo anatoka chini ya magari. Wambui anaamka kabla ya wale mapacha. Nilijiambia kijana huyu ana kipaji na ananidharau.

Mechi ya mwisho tulihitaji pointi mbili. Watu wawili wako kwenye vituo, zamu ya Nassor. Kocha alinitazama kama anayeuliza tumbadilishe, nikatikisa kichwa. Aibu ya ukwe. Nassor akapiga mara tatu, akakosa mara tatu, na mpira wa kwanza ulikuwa umeshadunda chini. Tukafungwa. Hakuna aliyemsema. Aliweka rungu chini taratibu, akaja kuketi karibu yangu, na kabla watu hawajamaliza kupeana mikono alikuwa amelala, ameegemea uzio.

Nilikasirika. Nilikasirika kuliko mchezo wenyewe ulivyostahili.

Baada ya simu ya kocha nilimwambia Zuhura, mke wangu. Nilitegemea ugomvi. Yeye alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja.

"Nassor asipokwenda," akaniuliza, "wewe utakwenda?"

"Mimi si ndiye mwalimu? Lazima niende."

"Haya. Basi fanya haki. Ila mwambie mwenyewe, usimtumie ujumbe."

Sikuelewa kwa nini aliuliza vile, na sikumuuliza.

Leo baada ya alasiri nikaenda Satwa. Nassor anapanga chumba huko na wenzake. Tulikaa kwenye mkahawa mdogo chini ya jengo lao, tukaagiza chai ya karaki, ile nzito ya maziwa na iliki. Alikuwa ametoka kuamka, macho mekundu, nywele zimelala upande mmoja. Njiani kote nilikuwa nimepanga maneno ya kuanza nayo. Yalinitoka yote.

"Mbona umenuna, shemegi? Sema tu."

Nikamwambia. Kwamba nafasi ni mbili. Kwamba nimewachagua Deo na Wambui. Kwamba si jambo la undugu.

Akaweka kikombe mezani. Akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yakaanza kutikisika. Nikasema moyoni, Mola wangu, nimemliza mtoto wa watu mbele ya kadamnasi. Nikamshika bega. Akaondoa mikono. Alikuwa anacheka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Khalas, yamekwisha? Jumapili n'naweza kulala?"

Nikaondoa mkono begani pake.

"Shemegi, n'takwambia kweli, na usinikasirikie. Miye huu mchezo siupendi. Mpira wenyewe siuoni unavyokuja. N'natoka kazini alfajiri, nikifumba jicho tu dada ashapiga simu: amka, shemegi yako ashafika uwanjani."

"Sasa si wewe uliyeniomba nikufundishe?"

"Dada ndiye aliyen'ambia nikuombe." Alikuwa ameacha kucheka. "Alisema, mume wangu tangu afiwe na mama yake hazungumzi. Akitoka kazini, kitandani. Jumapili kutwa na nguo za kulalia, uso ukutani. Mchezo wake kauacha, rafiki zake hawapokelei simu. Akasema, wewe mwambie akufundishe, kukukatalia hatoweza, we shemegi yake. Basi ndiyo nikaja."

Chai yangu ilikuwa imeshafanya utando juu. Nikaitazama.

Nilijaribu kukumbuka msimu ulivyoanza. Ni kweli. Nilikuwa nimeacha. Nilikwishamwambia Bwana Takeda asinihesabu. Halafu jioni moja Nassor akaja nyumbani, akaketi ukingoni mwa kochi, akasema anatamani sana besiboli. Nilimwonea huruma. Nilinyanyuka nikatafute glovu zilipo kwa ajili yake.

Hakukosa Jumapili hata moja. Alichelewa, alisinzia, lakini alikuja. Na mimi nilikuwa pembeni, mikono kiunoni, namhukumu.

"Umekasirika?" akauliza.

"Sijakasirika."

"Dada asijue nimekwambia."

"Nenda kalale, Nassor," nikamwambia. Hilo tu. Nikalipa chai. Tulipoinuka akanikumbatia kwa mkono mmoja, haraka, kisha akapanda ngazi huku akipiga mwayo.

Nimerudi nyumbani adhana ya magharibi inaita. Tumesali. Zuhura akaniandalia chakula, akaketi mbele yangu.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Kasema amechoka."

Aliinamisha macho, akasawazisha kitambaa cha meza ambacho kilikuwa tayari kimenyooka. Nadhani alijua kuwa nimejua. Mwaka huu wote hakuniuliza kitu. Hakuniambia jikaze, wala kwamba kila nafsi itaonja mauti, maneno ambayo kila mtu aliniambia mpaka nikaanza kuyakimbia. Alinitafutia mtu wa kumfundisha kupiga mpira.

"Na wewe je?" akauliza, taratibu, kama mtu anayejaribu mlango asiojua kama umefungwa.

Nikasema, "Mimi nimechoka tangu mama afe, Zuhura."

Ndiyo mara ya kwanza kutamka mama na kufa kwa pamoja. Nilikuwa na tonge mkononi. Nililirudisha sahanini. Akahamisha kiti chake akaja upande wangu, na tukakaa vile, chakula kikapoa.

Sasa nimekuja kibarazani na kompyuta. Nimeshamjibu kocha: Deo na Wambui wabaki. Kaandika, sawa. Kisha kaandika tena: na Nassor, unamwonaje kwa ujumla? Nimemjibu kwamba hajui kupiga, na kwamba hatutapata mwingine kama yeye. Hajajibu. Hatanielewa, na sina nguvu ya kumweleza.

Mama alifia Tanga, akazikwa siku ileile, na mimi niko hapa nasubiri tiketi. Nilipofika matanga yalikuwa yamekwisha. Nilikaa siku chache, nikapokea pole za watu, nikarudi kazini. Makaburini sikwenda. Kila nilipoambiwa twende nilisema kesho.

Asubuhi, kabla sijaingia kliniki, nitampigia dada yangu aliyeko Tanga nimwulize mama amelala upande gani wa yale makaburi.