Mashua Kubwa ya Alfhild

Mariehamn, 10 Agosti 1997

Kwa Mjomba Torsten mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Bibi. Sisi ni wazima, ila macho ya Bibi yanazidi kufifia, kwa hiyo barua zako sasa ninamsomea kwa sauti. Wewe na mwenzako wa kupiga mbizi, Kennet, mnaendeleaje huko Kökar? Mnapata chakula cha moto? Bibi anataka kujua hilo kwanza, kabla ya habari za meli.

Mjomba, mji mzima unajua kwamba mmeipata meli Alfhild chini ya bahari. Dukani mama mmoja alimwambia mwenzake, nami nimesimama papo hapo, kwamba sasa tutajua kama Elis alikuwa mtu au panya. Nililipia maziwa nikatoka.

Nilimwomba Bibi anisimulie yote upya. Anasema Alfhild ilizama Novemba 1934 ikipeleka kuni Stockholm. Ndani walikuwamo baba yake, Elis, na ndugu wawili wa ukoo mwingine, Anselm na Verner. Elis peke yake ndiye aliyefika pwani, katika mashua ndogo. Alieleza kwamba wale ndugu walikuwa wameshashuka na mashua kubwa, kisha mawimbi yakawatenganisha. Wengi hawakumwamini, wakasema aliwakimbia, na Bibi alipigwa mabonge ya theluji njia nzima ya shule.

Basi, kama mashua kubwa haipo kwenye sitaha, huenda alisema kweli. Kama ipo, alidanganya. Nilimuuliza Bibi iwapo anataka kujua kweli. Akajibu, "Nimeishi na baba wawili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa dukani. Nimechoka kuwapikia wote wawili."

Naomba uniambie pia giza la huko chini likoje. Na Kennet anajisikiaje, maana Anselm alikuwa babu yake?

Mpwa wako,
Runa

*

Kökar, 31 Agosti 1997

Mpwa wangu Runa,

Nimefurahi kusikia mko salama. Mwambie Mama tunakula samaki na viazi kila siku, na Kennet anapika vibaya lakini kwa wingi.

Tumeshuka. Giza unaloliulizia si kama la usiku, kwa sababu usiku macho huzoea. Huku tochi inatoboa shimo dogo tu, na nje ya shimo hilo hakuna kitu. Maji ni ya nyuzi nne. Midomo inakufa ganzi hata hujui kama bado unatabasamu. Kisha meli ikatokea ghafla, wima, mlingoti mmoja ungali umesimama. Katika bahari yetu hakuna wadudu wa kula mbao, kwa hiyo sitaha iko kama ilivyofagiliwa mara ya mwisho. Kuni bado zimepangwa. Niliona kikombe.

Kennet alitangulia kuelekea nyuma, nami nikamfuata kwa mbali. Alikuwa amefika nyuma ya chumba cha sitahani, mahali pa mashua kubwa, mimi bado sijapaona. Akageuka, akainua dole gumba. Kwetu wapiga mbizi ishara hiyo haimaanishi mambo ni mazuri. Inamaanisha tunapanda, sasa hivi. Tukapanda, tukining'inia kwenye kamba kituo baada ya kituo ili damu itoe hewa iliyojaa, muda mrefu kuliko tuliokaa kwenye meli.

Bila shaka kipumulio chake kiliganda. Baridi hiyo hufanya hivyo. Tangu siku ile namtania bandarini mbele ya watu, namwita Bwana Barafu, na nimempa kipumulio changu cha akiba. Amekipokea, akashukuru. Tutashuka tena hali ya hewa ikiruhusu.

Mjomba wako,
Torsten

*

Mariehamn, 9 Septemba 1997

Kwa Mjomba Torsten,

Habari za baridi? Hapa tumeanza kuwasha jiko asubuhi. Bibi hana neno, ila nilipomsomea barua yako alinirudisha mara tatu kwenye dole gumba.

Nina swali, na naomba usinione mkaidi. Umeandika "bila shaka" kiliganda. Mwalimu wetu wa fizikia hutuambia tukiandika hivyo tuonyeshe tulipima nini. Kennet mwenyewe alisema kiliganda? Kama hakusema, kwa nini hukumuuliza?

Mpwa wako,
Runa

*

Kökar, 2 Oktoba 1997

Mpwa wangu,

Nakusalimu, na mwambie mwalimu wako amefundisha vizuri.

Hapana, hakusema. Nami sikumuuliza, na wewe usimuulize. Kwetu anayeinua dole gumba habishiwi, wala haulizwi sababu, si majini wala nchi kavu. Leo ukimuuliza mtu, kesho ataona haya kuinua, na atafia huko kwa kuona haya. Rafiki zangu wawili wamekufa hivyo.

Dhoruba zimeanza na boti tumeipandisha nchi kavu. Alfhild itatungoja hadi Juni. Mwombe Mama anisamehe. Mimi narudi Turku kazini.

Mjomba wako,
Torsten

*

Mariehamn, 3 Novemba 1997

Kwa Mjomba Torsten,

Natumaini kazi ya Turku haikuchoshi. Bibi ni mzima. Nitaeleza kwa mpangilio, maana kuna mengi.

Sikumuuliza Kennet. Nilikutii. Lakini ile barua yako ya Oktoba nilimsomea Bibi kama kawaida. Akasema yeye hajawahi kuzamia hata kwenye beseni, kwa hiyo sheria ya wapiga mbizi haimhusu. Akanituma nikamwite Kennet, aliyekuwa amesharudi mjini, aje kunywa kahawa.

Alikuja Jumamosi mchana, amevaa shati la kanisani. Bibi alikuwa ameoka keki ya maziwa na jamu ya plamu. Akamtania kwamba amenenepa, naye akajibu kwamba ni sababu ya mapishi yake mwenyewe. Alipomaliza kikombe cha kwanza Bibi akamuuliza.

"Uliiona mashua kubwa?"

Kennet alinitazama mimi, kisha meza. "Niliiona, Bi Signe."

"Ilikuwa imefungwa?"

"Kamba zote. Hakuna aliyeigusa." Akaongeza haraka kwamba pengine wimbi lilikuwa limeshawachukua babu yake na Verner, na Elis akabaki peke yake. Mashua haiwezi kusema hayo.

"Lakini inasema alidanganya," Bibi akasema.

"Ndiyo."

Akamuuliza kwa nini basi alipanda bila kusema neno. Kennet alisema maisha yake yote alitamani kuiona imefungwa pale, ili wazee wa kwao wawe wamesema kweli. Alipoiona hakufurahi hata kidogo. Alifikiri juu ya Bibi kusikia habari hiyo kutoka kwa mtu wa ukoo wake, na mkono ukainuka wenyewe. Kipumulio kilikuwa kizima, Mjomba. Atakurudishia chako.

Bibi alilia, lakini si kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza Anselm alikuwa mtu wa namna gani. Kennet alijua machache: alipenda kuimba na hakujua kuimba. Nikapika kahawa tena, mara mbili.

Jioni ileile watu walikuwa wakiwasha mishumaa makaburini kwa ajili ya marehemu, na Bibi akamwomba Kennet atupeleke. Ndugu wale hawana kaburi, kuna jiwe tu lenye majina, na sisi hatukuwahi kusimama pale. Watu walitutazama. Bibi akawasha mshumaa wa Anselm, akawasha wa Verner. Kisha tukaenda hadi kwenye kaburi la baba yake, upande wa ukuta, ambako upepo wa bahari hupiga moja kwa moja. Pale kiberiti kilizimika kila mara mkononi mwa Bibi. Nilitaka kumsaidia, lakini Kennet alikuwa ameshavua glavu na kupiga magoti, viganja vyake vimeuzunguka utambi. Alikaa hivyo, akimwambia Bibi ajaribu tena, mpaka ukashika.

Mpwa wako,
Runa