Vidonge vya Mtani Wangu

Marahaba, mjukuu wangu Zuhura. Huku Kiranjeranje tu wazima. Bibi yako anapalilia mihogo. Unauliza kama mumeo ameze vidonge vya jongo alivyoandikiwa jirani yenu hospitalini. Asithubutu!

Mtani wangu Saidi alitibiwa jongo Lindi, akaja kunikejeli kitandani, nami kidole gumba cha mguu kimevimba kwa jongo hilohilo: "Mtani, maulidini utakuja kwa kutambaa?" Wivu ukanichoma. Kwa utani tulikuwa tukichukuliana kuku bila kuomba; nikachukua vidonge vyake, nikameza konzi nzima ili nipone upesi kumpita. Nilitapika na kuharisha nusura nife. Daktari yuleyule wa Lindi akafoka: "Dawa ile niliipanga kwa kupima figo za Saidi, si zako!"

Mpeleke mumeo apimwe. Saidi alikwenda maulidini kwa miguu yake, na mpaka leo namwonea wivu.

Babu yako